Riwaya ya Rubani: nilipofikia tangu Oktoba

Oktoba 6

Leo nimefungua daftari jipya. Mimi ni fundi wa simu, kibanda changu kiko Langoni, na mwaka mzima huu nimekuwa nikitembea na hadithi moja kichwani: mji wetu wa Lamu, miaka sitini mbele. Katika mji huo hakuna afanyaye jambo bila kumuuliza Rubani. Rubani ni mtambo. Hana umbo, ni sauti iliyo sikioni mwa kila mtu tangu utotoni, nayo humwambia lini maji yanajaa, nani wa kukopesha, dawa gani anywe, ndia gani apite. Kisha siku moja sauti inanyamaza.

Jina nimelichagua makusudi. Kwa wazee wetu rubani ni yule aongozaye chombo kuingia bandarini, anayeujua mwamba ulipo na mkondo unakoelekea. Baadaye tukampa jina hilo mrusha ndege. Kwenye hadithi yangu limehama tena, na safari hii limemwacha binadamu kabisa.

Kilichonisukuma ni benchi la kibandani kwangu. Wiki haipiti bila mtu kuniletea simu iliyokufa. Nikimuuliza nimpigie nani nyumbani wajue yuko salama, hajui. Namba ya mkewe haijui, ya mwanawe haijui. Pesa zake zimo humo, picha ya kitambulisho imo humo. Mwezi uliopita baba mmoja wa Pate alikaa hapo tangu asubuhi mpaka baada ya adhuhuri nikisafisha bodi iliyoingia maji ya chumvi. Alikuja kumpokea bintiye na hakujua atafika na chombo gani, maana yote yalikuwa kwenye ujumbe. Nikamwambia aende gatini akaulize. Akanitazama kama niliyemfunulia siri. Wazo la kuuliza watu halikuwa limemjia.

Oktoba 19

Sura mbili zimekwisha, maneno 3,100. Nimezisoma barazani baada ya isha.

Humo Rubani ni dhalimu. Anapeleleza, anafunga watu, ana jeshi la mashine. Vijana walifurahi, wakapiga makofi, wakaomba ziada. Ami yangu, nahodha mstaafu wa Matondoni, alikuwa ameketi pembeni na tasbihi yake. Alingoja wamalize kelele.

“Huyo ni jini,” akasema. “Na jini hutolewa kwa kisomo. Hao watu wako mbona hawamtoi?”

Sikuwa na jibu. Usiku nimelala nalo, asubuhi nimeamka nalo. Mtu akikuonea unajua umeonewa, na ajuaye ameonewa ipo siku atainuka. Lakini yule baba wa Pate hakuonewa na mtu. Hakuna aliyemkataza kuuliza gatini.

Nimerudi kuisoma hadithi ya Mwingereza E. M. Forster, “The Machine Stops”, iliyochapishwa mwaka 1909, kabla redio haijaanza kutangaza majumbani. Watu wake wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja chumbani peke yake, wakizungumza kwa mtambo. Watu wengi hukumbuka mwisho wake, mtambo unaposimama. Mimi safari hii nimekamatwa na kurasa za kabla ya hapo. Muziki unaanza kukwaruza, wanalalamika, kisha wanauzoea. Maji ya kuogea yananuka, wanayazoea. Kila hitilafu wanaitandikia mkeka mahali pake mpaka inakuwa sehemu ya nyumba. Hapo ndipo penye hofu, wala hakuna jeshi.

Sura zote mbili nimezifuta. Naanza upya, na Rubani mwema.

Novemba 2

Kijana mmoja ameniambia kuwa hizi distopia, hadithi za kesho iliyoharibika, ni mambo ya Wazungu, sisi tuna hadithi zetu. Nimemjibu kwa Inkishafi, shairi letu la kale.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir hakuandika juu ya mitambo, aliiandikia nafsi yake apate kuiamsha na ghururi ya dunia. Lakini tazama alivyoifanya kazi hiyo. Alichukua majumba ya Pate, jirani zetu, mji uliokuwa na taa na karamu na vyombo vya kaure, akamwingiza msomaji ndani baada ya wenyewe kuondoka. Vidaka vilivyowekwa sahani vimekuwa malazi ya ndege. Watu wa zama zake waliweza kupanda chombo wakaenda kuyaona magofu hayo kwa macho yao. Ni onyo lenye anwani.

Basi nami nimejipa sharti: hakuna jiji lisilo na jina, hakuna mnara wa vioo. Kila kitu kitokee mahali ambapo msomaji wa hapa anaweza kwenda akapagusa. Gati. Mkomani. Shela. Na zaidi ya kote, Mkanda.

Novemba 23

Ingizo hili litakuwa refu kwa sababu sijapata kujifunza kwa siku moja kama nilivyojifunza juzi.

Kwenye hadithi, Rubani ananyamaza asubuhi ya arusi. Chombo kimejaa watu wa bibi arusi, kinatoka Lamu kwenda Pate kwa njia ya Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko kushoto, mikoko kulia. Mkanda haupitiki wakati wote. Lazima maji yawe juu, na ukichelewa utakaa mchangani ungoje maji mengine. Nilitaka kuandika chombo kikikwama. Nikagundua siwezi, kwa sababu mimi mwenyewe, mzaliwa wa kisiwa, sijui maji yanajaa saa ngapi. Huangalia kwenye simu.

Nikamwendea ami. Hakunicheka. Aliniuliza mwezi ngapi leo. Nikampa tarehe ya Novemba, akatikisa kichwa: mwezi wa mbinguni.

Alivyonifundisha ni hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri, mnamo saa kumi au kumi na moja, kisha hujaa tena alfajiri. Hayo ndiyo bamvua, hujaa sana na kupwa sana. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika hamsini. Ukifika mwezi saba au nane, yaani siku ya saba au ya nane tangu kuandama, kujaa kumehamia saa nne ya asubuhi na saa nne ya usiku, na hayo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Basi. Mtu mwenye mwezi kichwani ana maji kichwani. Akaniongezea hesabu ya miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa mabaharia, ambayo kwayo mabaharia walijua lini kusi itachafuka na lini kaskazi itaanza kuvuma, na habari za Kilimia, lile kundi la nyota, kuzama na kuzuka. Nimeandika kurasa sita.

Juzi akanichukua kwa mashua mpaka ndani ya Mkanda. Simu nilikuwa nayo, na kwa kweli ilijua tulipo, kwa kuwa satelaiti zilizo kilomita elfu ishirini na zaidi juu yetu huweza kukuonyesha mahali kwa tofauti ya hatua chache. Mchanga umehamia wapi tangu kusi ilipopita, hilo haikulijua. Ami alilijua kwa rangi ya maji na kwa namna yalivyokunjana. Nilipoinamia skrini mara ya tatu alinigonga begani kwa kasia.

“Mato yako yako wapi?” Yaani macho.

Niseme haki, maana sitaki kuandika uongo. Ami huyu huyu aliwahi kuokolewa na simu, injini ilipomzimikia nje ya Kiwayu na upepo ukimsukuma nje. Alipiga, wakaja. Mimi mwenyewe nalisha wanangu kwa simu. Riwaya inayomwambia msomaji azitupe zote baharini ingekuwa riwaya ya mtu asiyewapenda watu. Ninachokitafuta ni kile kilichokufa pembeni wakati tulipokuwa tukishukuru.

Desemba 15

Sura ya tatu na ya nne. Jumla 7,800.

Swali lililonichukua wiki mbili: Rubani azungumze Kiswahili gani? Mwanzo nilimpa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kwa mapenzi tu. Kisha nikakumbuka siku nilipomwekea bibi yangu ile huduma ya kuandika kwa sauti. Alisema neno, simu ikaandika neno jingine. Akarudia, ikaandika jingine tena. Alisema *mai*, alisema *yua*, alisema *ndia*, yaani maji, jua na njia, maneno aliyoyanyonya kwa mamake, na simu haikuwa na masikio ya hayo. Mara ya nne bibi alibadilisha. Alisema “maji”, taratibu, kama mtoto wa skuli mbele ya mwalimu, na simu ikapata. Akatabasamu. Mimi roho iliniuma na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo Rubani wangu anazungumza Kiswahili sanifu, kizuri, kisicho na kosa. Hakatazi Kiamu. Hakisikii tu. Mama wanaanza kuwasahihisha watoto nyumbani ili Rubani awaelewe upesi, kwa kuwa mtoto asiyeeleweka na Rubani atapotea mikokoni. Katika vizazi viwili lugha ambayo mshairi Mwana Kupona alimwandikia bintiye mwaka 1858 imebaki kwenye mawe ya makaburi. Na majina ya mahali ndani ya Mkanda, yale ya Kiamu yaliyokuwa yakimwambia baharia penye kina na penye fungu, yamegeuzwa namba.

Hii sasa ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote.

Januari 11

Kazi nyingi, wageni wengi, kaskazi imetulia na simu zinaingia maji kila siku. Maneno 400 tu.

Januari 29

Nimekuwa nikisoma habari za ndege ya Air France iliyoanguka Atlantiki Juni 1, 2009, ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris na watu 228. Vipimo vya mwendo viliziba kwa barafu, mtambo unaojirushia ndege ukajitoa, ukawaachia marubani usukani usiku, juu sana, katika hali ambayo hawakuwa wamezoea kuirusha kwa mikono. Ndege ilipoteza nguvu ya kuelea angani na hawakutambua. Dakika chache tu ikawa baharini. Sikuitia kwenye riwaya, ni msiba wa watu. Lakini imenifundisha kuwa mtambo haukurudishii kazi siku ya utulivu. Hukurudishia saa ile ngumu kuliko zote, mikono yako ikiwa imelala miaka.

Nimewakumbusha wenzangu wa barazani Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima. Wote walikumbuka. Nikauliza nani alibadilisha jambo lolote baada ya hapo. Kimya, na mimi nimo.

Februari 14

Maneno 13,900. Sura ya nane imekwisha na ndiyo iliyoniliza.

Nilikuwa nikidhani sura kubwa ni ile ya kunyamaza. Sivyo. Sura kubwa inatangulia miaka kumi na saba. Nahodha wa mwisho anayejua kuingia Mkanda bila Rubani anakufa kitandani, mzee sana. Maziko yanakuwa mazuri. Watu wanajaa, anasomewa hitima, wanamsifu kwa ukarimu wake, kwa sauti yake ya kasida, kwa mbuzi aliowachinjia majirani kila Idi. Hakuna anayetaja maji. Hakuna aliyejua kuwa kuna kitu kimeshuka naye kaburini, kwa sababu asubuhi ya pili vyombo vimepita Mkanda kama kawaida, Rubani akihesabu. Nimeiandika bila kupandisha sauti hata mara moja.

Nilipomsomea ami alinyamaza muda. Kisha akauliza kama yule nahodha hakuwa na mtoto wa ndugu.

Hapo nikaona pa kumwingiza binti wa sura ya tisa, mjukuu aliyeokota daftari la miongo na kujaribu kulisoma peke yake. Ili nijue atakosea wapi, nilijipima mwenyewe. Mwezi nne wa mwezi huu unaokwisha niliacha simu nyumbani, nikapiga hesabu: maji yatafika juu saa moja na nusu usiku. Nikakaa gatini, jicho kwenye alama ya maji nguzoni. Yalijaa, yakasimama, na kabla ya saa yangu yakawa yamekwisha kuanza kupwa. Nilikosea karibu saa nzima.

Ami alilijua kosa kabla sijamaliza kueleza. Aliniuliza mwezi niliuhesabu kutoka wapi. Kumbe nilikuwa nimeutazama kwenye kalenda ya simu siku nilipoanza, nayo ilikuwa mbele ya mwezi wa juu kwa siku moja. Siku moja ni dakika hamsini.

Binti wangu naye atakosea hapo hapo, na chombo cha arusi kitakaa mchangani kwa kosa hilo. Nimekwisha kuchora ramani ya mahali, chini ya mikoko upande wa Manda.

Kesho kutwa huenda mwezi ukaandama. Ami ameahidi kuja mjini, tutapanda darini kwetu baada ya magharibi. Sura ya tisa itangoja mpaka niuone.