Nafasi ya Gari Mbele ya Mlango: Huku Uingereza na Kwetu Mombasa

Huku Uingereza magari hupita mkono wa kushoto kama kwetu, na dereva hukaa kulia kama kwetu. Kwa hiyo ukiona boksi jeupe limechorwa kando ya barabara ya mtaa, na neno DISABLED limeandikwa chini kwa herufi kubwa, yaani nafasi ya kuegesha gari la mwenye ulemavu, vipimo vyake unaweza kuvibeba ukaenda kuvilaza mitaa ya Mombasa kama Tudor au Ganjoni bila kugeuza kitu. Wana-Mombasa walioko huku, wenye ulemavu wenyewe au wanaomtunza mzazi, wanahitaji kujua nafasi ile huombwaje. Walioko nyumbani wanahitaji kujua wadai nini hasa kwa kaunti. Wengi hudai rangi, na rangi ndiyo kazi ndogo kuliko zote.

Huku safari huanza na kadi iitwayo Blue Badge. Ilianza mwaka 1971 ikiwa ya rangi ya chungwa, ikageuzwa buluu mwaka 2000. Huombwa kwa kaunsili ya mahali unapoishi. England ada haizidi pauni 10, Scotland haizidi 20, Wales ni bure, na kwa kawaida hudumu miaka 3. Aliyesajiliwa kuwa haoni hupewa bila mjadala, na vilevile anayelipwa PIP, fedha za serikali za kumsaidia mwenye ulemavu, kwa pointi 8 au zaidi katika kipengele cha kutembea. Wengine hutathminiwa: anafika umbali gani, anasimama mara ngapi, maumivu yanaanzia wapi. Tangu Agosti 2019 England inakubali pia ulemavu usioonekana kwa macho.

Hapo kwenye tathmini ndipo wazee wetu huangukia. Mzee wa Pwani akiulizwa anaendaje, atajibu "alhamdulillahi, naenda hivyohivyo". Ni adabu, lakini anayejaza fomu ataandika kwamba anatembea. Kaa naye mapema, pimeni kwa mita kutoka mlangoni hadi pale anapolazimika kushika ukuta, mwandike namba hiyo. Na iwe namba ya siku mbaya, siku ambayo goti limevimba, kwa sababu beji ni ya siku hizo.

Kuna hofu nyingine ambayo huwanyima watu haki yao bure. Wenye viza isiyoruhusu kupokea misaada ya serikali huogopa kuomba beji wasije wakaharibu makaratasi yao. PIP imo katika orodha ya misaada hiyo, kwa hiyo usiiguse. Beji haimo. Mtu wa viza ya aina hiyo anaweza kuiomba kwa njia ya tathmini bila kupitia PIP kabisa.

Beji ni ya mtu, si ya gari. Mama anaweza kupanda gari la mwanawe leo, la jirani kesho, teksi keshokutwa, na beji ikaenda naye. Lakini mwana akienda peke yake kumchukulia mama dawa, mama yuko nyumbani kitandani, akaweka beji kwenye dashibodi, hilo ni kosa ingawa nia yake ni njema. Faini yaweza kufika pauni 1,000. Pia angalia tarehe: beji iliyokwisha muda ni sawa na kutokuwa nayo.

Sasa, beji haikupi nafasi mbele ya nyumba yako. Hilo ni ombi la pili, na kila kaunsili ina masharti yake, ila yanafanana. Uwe na beji, gari liwe limeandikishwa kwa anwani hiyo hiyo, nyumba isiwe na uwanja au gereji inayofaa, na iwe kweli mtaa unajaa magari hata hupati pa kuegesha karibu. Anakuja mtu kupima. Akikuta lango la jirani liko pale, au njia panda haijafika mita 10, hatachora.

Muhimu kuliko yote ni kuuliza boksi lako litakuwa la aina gani, maana ziko mbili na kwa macho hufanana. Ya kwanza ni ya heshima tu: kaunsili inachora, majirani wanaombwa waiache, lakini asiye na beji akiegesha pale hakuna wa kumtoza kitu. Ya pili ina amri ya kisheria nyuma yake. Hutangazwa, watu hupewa siku 21 za kupinga kwa maandishi, kisha amri hutiwa saini, na tangu hapo askari wa maegesho anaweza kuandika faini. Ya kwanza hupatikana haraka, ya pili huchukua miezi. Kwenye mtaa wa majirani wanaojuana, ya kwanza hutosha. Karibu na stesheni, shule au maduka, usikubali ile ya heshima. Rangi bila amri, mahali penye wageni wengi, haimalizi wiki kabla haijazoeleka kukaliwa.

Na hata yenye amri si mali yako. Mwenye beji yeyote anaweza kuegesha hapo. Familia nyingi hupigania boksi kana kwamba ni sebule, kumbe yule waliyemfokea naye ana haki ileile. Baadhi ya kaunsili za London hutoa nafasi za kibali zenye namba ya mtu mmoja. Ukiwa unaishi huko, uliza hilo kwanza.

Twende kwenye vipimo. Mwongozo wa huku unataka nafasi iliyo sambamba na ukingo wa barabara iwe na urefu wa mita 6.6, na upana wa mita 2.7, au 3.6 pakiwezekana. Watu huona ni ufujaji wa barabara. Chukua Probox, gari ambalo kila mtu kwetu analijua: upana wake ni kama mita 1.7, urefu kama 4.2. Ukiliweka kwenye upana wa 2.7 inabaki mita moja. Mlango wa dereva ukifunguka wote umeimaliza hiyo mita, na kiti cha magurudumu kinachohitaji kusimama ubavuni mwa kiti cha dereva kimeshatoka nje ya mstari, njiani mwa matatu. Ndiyo maana 3.6 inapendekezwa: inabaki 1.9, na mtu anajisogeza kutoka kiti kimoja hadi kingine akiwa ndani ya boksi lake. Urefu nao una kazi. Zile mita 2.4 zinazobaki nyuma ya gari ni za kufungua buti, kushusha kiti au kuteremsha ngazi ya mteremko. Kata urefu hadi mita 5 na gari la nyuma litakuja kukaa pale pale kiti kinapotakiwa kutokea.

Kwa nini basi boksi nyingi za mitaani huku ni nyembamba kuliko hivyo? Barabara haitoshi. Gari la zimamoto linahitaji mita 3.7 ili watu wafanye kazi ubavuni mwake. Jumlisha na 2.7, umefika mita 6.4, na hapo hakuna gari lililoegeshwa upande wa pili. Mtaa ukiwa mwembamba zaidi, njia nzuri ni kuondoa maegesho upande mmoja badala ya kuminya nafasi ya mlemavu. Kwenye barabara ya kwenda upande mmoja tu, boksi likiwekwa upande wa kulia dereva hushukia kwenye njia ya miguu badala ya kushukia katikati ya magari. Ni badiliko la bure, na mara nyingi husahaulika.

Kisha kuna ukingo wenyewe, na hapa ndipo boksi nzuri nyingi hufa. Kiti cha magurudumu kina vigurudumu viwili vidogo mbele, na hivyo ndivyo huamua mtu anapita au hapiti. Vikigonga jiwe lililojitokeza sentimita mbili tu, kiti husimama ghafla na aliyekikalia husukumwa mbele. Ukingo ulioshushwa usiache kidato kinachozidi milimita 6. Mteremko usiwe mkali kuliko 1 kwa 12: ukingo wa sentimita 12 unataka mteremko wa karibu mita moja na nusu, na ukitaka ule wa raha, 1 kwa 20, ni mita 2.4. Uwekwe nyuma ya gari, wala si pale mlango unapofungukia, kwa sababu kiti kilichosimama kwenye mteremko huteleza wakati mtu amening'inia nusu ndani, nusu nje. Chini ya gari pawe karibu bapa, 1 kwa 50. Na usiruhusu nguzo ya taa au mti usimame sambamba na mlango wa abiria.

Mombasa yote hayo yanabaki, halafu linaongezeka la mtaro. Mitaa mingi ina mtaro wazi kati ya barabara na nyumba, na mwenye nyumba ameuvuka kwa ubao au kibamba kimoja cha zege. Kwa kiti cha magurudumu kinatakiwa kifuniko cha zege chenye nondo, upana mita 1.2 angalau, na 1.5 pale anapotakiwa kugeuka. Kiachiwe matundu ya kukishikia. Kisiponyanyulika, wazibua mitaro watakivunja siku ya kwanza taka zikijaa. Kikiwa ni wavu wa chuma, nafasi zake zisizidi milimita 13 na zikate njia, zisiende sambamba nayo, la sivyo kigurudumu kitazama.

Usichague mahali pakiwa pakavu. Nenda kaangalie katikati ya masika, saa moja baada ya mvua kukatika. Dimbwi lilipo ndipo boksi lisipowekwa, maana mtu anayesukuma magurudumu kwa mikono yake ataingia nyumbani na matope hadi kwenye viwiko.

Barabara za kabro zina shida yake. Rangi haishiki vizuri kwenye kabro, huchubuka viungoni. Afadhali mpaka wa boksi utengenezwe kwa kabro za rangi nyingine zilizopangwa humohumo, na chini yake mchanga ushindiliwe sawasawa, kwa kuwa kabro ikititia upande mmoja umeshatengeneza kidato. Kwenye lami, rangi inayoyeyushwa kwa moto hudumu kuliko ya kupaka kwa brashi. Nguzo ya kibao kwetu ina maadui wawili: chumvi ya bahari na wauza chuma chakavu. Kibao cha alumini kwenye ukuta, kwa idhini ya mwenye nyumba, kitaishi kuliko nguzo.

Mji wa Kale ni habari nyingine. Mitaa ya Kibokoni na Ndia Kuu haina pa kutoa mita 2.7, na kuilazimisha ni kuziba njia ya kila mtu. Huko nafasi iwe mdomoni mwa kichochoro, palipo wazi, na nguvu iende kwenye kulainisha njia hadi mlangoni. Mwongozo wa huku unahesabu kwamba anayetembea kwa mkongojo asiende zaidi ya mita 50 bila kupumzika, na mwenye kiti cha magurudumu mita 150. Sasa tazama mabaraza ya mawe yaliyo nje ya nyumba zetu: mababu walishajenga pa kupumzikia, na miji ya huku inanunua mabenchi kwa kazi hiyohiyo. Mabaraza hayo yasivunjwe kwa jina la kupanua barabara. Na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kabla ya kutoboa ukuta wa zamani waulizwe watu wa Makumbusho ya Taifa.

Tena Mombasa wengi wenye ulemavu hawana gari, wanapanda tuktuk. Nafasi isifungwe kwa mwenye logbuku. Ifuate mtu, kama beji ya huku: tuktuk iliyombeba ina haki ya kusimama pale hadi ashuke na kiti chake kifunguliwe.

Aombwe nani? Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na Jedwali la Nne limeiachia kaunti mambo ya barabara zake na maegesho. Kwa hiyo barua inaanzia kaunti, nakala kwa mwakilishi wa wadi, na nakala ya kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu imeambatishwa. Wakati nao una maana. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, kwa hiyo barua ya Oktoba imekosa basi. Ipelekwe Juni au Julai, na watu waende kwenye vikao vya maoni ya umma, wasiiache barua ijitetee peke yake.

Kabla ya barua, zungumza na majirani, mwenye kibanda na vijana wa bodaboda wanaosimama hapo. Mtu aliyeulizwa huwa mlinzi wa nafasi, na aliyepitwa huja kumwaga kokoto zake juu ya rangi mbichi.

Ndani ya barua weka upana wa barabara kutoka ukingo hadi ukingo, kimo cha ukingo, upana wa mtaro, umbali wa kutoka mahali unapopendekeza hadi mlangoni, na picha mbili. Moja ionyeshe dimbwi la masika. Ya pili ipigwe Ijumaa kabla ya swala, wakati magari yamebanana pande zote mbili, ili anayeisoma ofisini aone mtu huyo leo hushukia wapi.