Mama wa Saa Sita

Kitindamimba wangu amefika umri wa kusikiliza mahubiri kwa makini. Jumapili ya tatu ya Kwaresima, tarehe 8 Machi, tumetoka misani tunangoja tuktuk hapo Kengeleni, akanivuta mkono. "Mama, yule mwanamke Msamaria, kwa nini alienda kuteka maji mchana? Hakuona jua?"

Mahubirini tulikuwa tumeambiwa kwamba alikuwa akiwakwepa wenzake kwa sababu ya maisha yake. Ndivyo ielezwavyo karibu kila mara inaposomwa injili hii ya mwanamke aliyekutana na Yesu kisimani, na mwaka huu ni mwaka A katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya misa, kwa hiyo imerudi. Mtoto hakuridhika. Nami nilinyamaza njia nzima. Barabara ilikuwa tulivu kwa namna ya Mombasa wakati wa mfungo, maana Ramadhani na Kwaresima zimeanza wiki moja mwaka huu, na vibanda vingi vya chakula vimefungwa mchana. Nilikuwa nikimkumbuka mama mmoja wa darasa letu la Kwaresima ya 1999.

Nilibatizwa ukubwani. Nilikuwa nauza leso katika duka moja mtaa wa Biashara, na jioni za Jumanne na Alhamisi nilivuka daraja la Nyali na matatu ya Kisauni nikiwahi darasa la wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Tulikutana katika chumba cha chekechea cha parokia, watu wazima tumekalia viti vya watoto, magoti yakitugusa kidevu. Palikuwa na mabawabu wa hoteli, wasichana wa kazi za nyumbani, fundi cherehani, mpiga rangi. Katekista wetu, mwalimu wa dini, alikuwa Mtaita mstaafu wa bandari, aliyefanya kazi Kilindini miaka mingi na ambaye sauti yake haikujua kunong'ona. Nilimpenda. Alijua Biblia kama mtu anayejua njia za kijijini kwao hata gizani.

Wiki za mwanzo nitazipita haraka. Tulifundishwa majivu yanatoka wapi: ni matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, na kwetu Pwani matawi hayo ni makuti machanga ya mnazi. Tulifundishwa kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuacha nyama Ijumaa, Njia ya Msalaba, sadaka. Jumapili ya kwanza majina yetu yalipelekwa kwa Askofu. Ijumaa, katika jumuiya ndogo ndogo, tulisoma kijitabu cha Kwaresima cha Haki na Amani, tume ya Kanisa, kwa ile njia yake ya kuona, kuamua na kutenda. Yote hayo yalikuwa mema, na mengine nimeyasahau.

Alhamisi ya kabla ya Jumapili ya tatu sijaisahau.

Mwezi wa Machi Mombasa hauna huruma. Kaskazi inakaribia kuisha, masika haijafika, na hewa husimama. Stima zilikuwa zimepotea tangu alasiri, katekista akawasha taa ya mafuta na kuiweka juu ya meza ya mwalimu katikati ya michoro ya watoto. Tulikuwa tumechoka. Bawabu mmoja alikuwa ameshaanza kusinzia. Katekista akafungua Yohane sura ya nne akasoma yote, kutoka Yesu alipofika Sikari amechoka na safari, akaketi kisimani, saa sita. Alisoma polepole kwa ajili yetu. Alipofika pale Yesu anapomwambia mwanamke kwamba amekuwa na waume watano, na aliye naye sasa si mume wake, nilimwona mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha akiinua uso.

Alikuwa Mluhya wa makamo, mkimya. Kila darasa alifika na leso ile ile kiunoni, mikono imekauka kwa maji. Kazi yake ilikuwa kuwatekea watu maji kwa malipo. Mtu wa Kisauni haelezwi habari ya maji. Ya bomba hutoka mbali, Mzima kule Tsavo, Marere kwenye milima ya Shimba, Baricho kwenye mto Sabaki, na yakifika kwetu yamekuwa matone, kama yamefika. Ndiyo maana kila mtaa una visima vyake vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Vingi vina maji ya chumvi ya kufulia na kuogea, vichache vina maji matamu, na vile vyenye maji matamu vina foleni.

Katekista alifunga kitabu akaanza kueleza. Wanawake wa nchi ile, alisema, waliteka maji asubuhi na jioni kukiwa na baridi. Huyu alikuja saa sita kwa sababu alikuwa mwenye dhambi, hakutaka kuonana na watu. Akatuuliza kama tumeelewa. Tukaitika.

"Mwalimu," akasema yule mama. "Samahani. Mimi nateka saa sita."

Katekista akamtazama.

"Asubuhi nawatekea watu. Kuna mwenye hoteli anataka mitungi kumi kabla hajaanza chai, kuna mama mjamzito, kuna wale wa nyumba ya ghorofa. Nikimaliza za watu ndipo nateka yangu. Ni saa sita. Foleni imeisha, kamba iko huru. Mtu akiniona saa hiyo aseme namkwepa nani?"

Bawabu aliyekuwa akisinzia alifungua macho. Fundi cherehani akacheka kidogo, kisha akaacha, maana yule mama hakuwa anachekesha.

"Labda alikuwa na mgonjwa ndani," mwingine akasema.

"Labda maji ya asubuhi yalimwagika," akasema msichana wa nyuma, na ndipo darasa likawaka. Wanawake waliokaa kimya tangu Januari walianza kuzungumza wote kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kwenda kisimani mchana, na hakuna hata moja iliyohusu dhambi. Hata hao waume watano, mmoja akasema, nani ametuambia aliwaacha? Je, kama walikufa? Si Masadukayo walimletea Yesu kesi ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, mmoja akifa anarithiwa na mwingine? Kwao, akasema, kurithi wajane ni jambo analolijua kwa macho.

Nilidhani katekista atatunyamazisha. Hakufanya hivyo. Alivuta taa karibu, akavaa tena miwani, akarudi kwenye sura ile akaisoma upya kimya, kidole kikifuata mstari. Tulimngoja. Nje mtu alipita na mkokoteni wa mitungi, magurudumu yakalalamika mpaka yakapotea. Alifika mwisho, akarudi tena juu. Kisha akavua miwani.

"Haikuandikwa," akasema. "Sababu ya saa sita haikuandikwa. Na hapa hakumwambia asitende dhambi tena. Yule mgonjwa wa Bethzatha aliambiwa, na yule aliyefumaniwa aliambiwa. Huyu hakuambiwa." Mzee yule mwenye sauti ya bandarini alisema hayo taratibu, akiwa kama anajiambia mwenyewe. Halafu akamgeukia yule mama: "Haya, mama. Endelea. Wewe unakijua kisima."

Akaendelea. Alituhadithia kwamba kabla ya kuja Kisauni alikuwa akikaa Likoni. Agosti 1997, usiku ule vurugu zilipoanza na watu wa bara wakatafutwa nyumba kwa nyumba, alikimbia na watoto, akawa miongoni mwa wale waliolala kwenye uwanja wa kanisa Katoliki kule Likoni. Baadaye alivuka feri na mzigo mmoja, akapata chumba upande wetu. Siku ya kwanza hakujua mtaa una watu gani, na aliogopa kila mtu. Mtoto alikuwa akilia kiu. Akatoka mchana, wakati ambao hapana watu, akafika kwenye kisima cha msikiti. Alisimama na ndoo yake. Hakuwa na kamba.

"Akatoka mzee wa kanzu," alisema. "Nikataka kuondoka. Akaniambia, 'Mama, huna kamba weye, na kisima ki mbali chini. Twaa hiki.' Akanipa kindoo chake cha kutawadhia, na kamba yake. Hakuniuliza kabila, hakuniuliza dini. Nilipomaliza nikataka kukiosha kabla ya kumrudishia, akasema kiache tu, kina maji." Akanyamaza kidogo. "Sasa mwalimu, ukisoma pale kwamba Wayahudi hawakutumia chombo kimoja na Wasamaria, mimi nakiona kile kindoo."

Hakuna aliyesema neno. Jasho lilinitiririka mgongoni na sikutaka kujifuta. Nilikuwa nimesoma sura ile mara nyingi, shuleni nilifanyiwa hata mtihani juu yake, na yale maji yaliyo hai ambayo Yesu anamwahidi mwanamke yule kwangu yalikuwa maneno ya kukariri. Jioni ile niliyaona yakipanda kwa kamba, kwenye ndoo, yakimwagikamwagika. Nikifikiria leo kwa nini nilibaki katika Kanisa hili, hata katika miaka iliyokuwa migumu, narudi katika chumba kile na taa ile.

Katekista alifunga darasa kwa sala fupi kuliko kawaida yake. Wakati tunatoka nilimsikia akimwambia yule mama, "Ahsante, mwalimu." Alimwita mwalimu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano tulisimama mbele ya altare na waumini wakasali kwa ajili yetu, kila Jumapili na injili yake: mwanamke wa kisimani, kipofu wa tangu kuzaliwa, Lazaro. Sanamu zikafunikwa vitambaa vya zambarau. Mwishoni mwa Machi tulipewa orodha ya watakaobatizwa katika Mkesha wa Pasaka, na jina lake halikuwemo.

Sote tulijua kwa nini, ingawa hakuna aliyelitaja kwa sauti. Mwanamume aliyekuwa akiishi naye alikuwa na mke bara, mke wa ndoa ya kanisani. Kanisa halikuweza kuwafungisha ndoa, na bila jambo hilo kunyooka halikuweza kumbatiza. Aliambiwa asubiri. Mstari ule alioinulia uso ulikuwa wake, na aliusikia ukisomwa mbele yetu, akachagua kuzungumza.

Aprili 3, usiku, tulikuwa tumevaa nyeupe. Moto wa Pasaka uliwashwa uani, mshumaa ukaingizwa, kanisa zima giza. Nilipoinamisha kichwa na maji yakanimwagikia nilimwona kwenye benchi la tatu upande wa kina mama, ameshika mshumaa mdogo kama wengine. Alipiga vigelegele kwa kila jina lililotajwa. Vyake ndivyo vilivyokuwa virefu kuliko vyote.

Nimeyageuza haya moyoni miaka mingi. Sisemi sheria ya ndoa ni mbaya. Najua inamlinda nani, na yule mke wa bara naye alikuwa mtu, na watoto wake. Nimefundisha sheria hiyo hiyo mimi mwenyewe, kwa maana baadaye niliombwa kusaidia darasani na sijatoka tena. Lakini sijaweza kuyaweka pamoja kwa utulivu mambo haya mawili: kwamba mtu aliyetufungulia injili ya maji alibaki benchini usiku wa maji, na kwamba hakuna aliyemkosea kwa makusudi. Alirudi darasani mwaka uliofuata, kisha nikasikia wamehamia Mtwapa, kisha sikusikia tena. Katekista wetu alifariki. Nilimuuliza mara moja kabla hajaugua kama anamkumbuka. Alisema tangu jioni ile hakuwahi tena kufundisha sura ya nne bila kuanza kwa kuwauliza wanafunzi ni saa ngapi wao huteka maji.

Mimi pia huanza hivyo. Na watu husema. Darasa likiachwa liseme, hasa la watu wazima waliokwisha kuzaa na kuzika, hufika mahali ambapo vitabu vyangu havijafika. Kinachoniuma ni kwamba siku hizi tunaharakisha: mafunzo yanabanwa yaishe, fomu zijazwe, tarehe ya Mkesha iko karibu. Wanaochelewa kwa sababu ya ndoa huonekana kama kazi iliyobaki, nao hukaa nyuma karibu na mlango, na wengine hupotelea hapo hapo.

Mwaka huu tunao wawili wa namna hiyo, baba mmoja dereva wa lori na mama mmoja muuza samaki. Wamehudhuria kila darasa. Nimemwomba paroko kwamba usiku wa tarehe 4 Aprili, wakati maji yanapoletwa kubarikiwa, wao wawili ndio wayabebe kutoka mlangoni mpaka kwenye kisima cha ubatizo, na majina yao yatajwe tuwaombee. Amenisikiliza vizuri. Amesema tuzungumze tena baada ya Jumapili ya Matawi, na mimi nimeshawaambia wajiandae.