Siku Moja na Lenzi Tatu Begani

Saa 11 alfajiri

Mama aliamka kusali akakuta mizani yake ya unga imebebeshwa lenzi. Hakusema neno. Aliitazama tu, akapita kwenda kutawadha. Nilikuwa nahakiki uzito kabla sijatoka: 70-200mm f/2.8 GM ya Sony, toleo la kwanza, gramu 1,480 bila pete ya kufungia stendi. 70-300mm G, ya Sony vilevile, gramu 854; hii nitaiita G tu. Na 70-300mm ya Tamron, gramu 545. Ile nzito ni yangu, ndiyo inayonilisha harusini. Hizo mbili ni za mwenzangu wa Dar aliyekuja kikazi. Anauza moja kati yao, yoyote nitakayoitaka, na kesho anapanda boti ya asubuhi.

Sitafuti lenzi ya harusi. Natafuta ya safari, ya siku kama ya leo, wageni wamenikodi niwafuate kutoka mjini Zanzibar hadi pwani ya kusini mashariki ya Unguja na kurudi, mkoba begani juu ya buibui tangu jua halijachomoza. Watu wakinunua lenzi ndefu huuliza kwanza inavuta hadi wapi, yaani mm ngapi. Mimi swali hilo naliweka la mwisho.

Saa 12 na robo, diko la Malindi

Wageni walikuwa bado wamelala. Nikateremka diko peke yangu, maana mwanga wa saa hiyo hauna huruma kwa lenzi. Mashua zilikuwa zinashusha jodari na vibua, dalali ameshapaza sauti. Mzee mmoja mwenye nyavu aliponiona na ile nzito akauliza, "Mwanangu, mzinga huo wa kumpiga nani?" Nikamwamkia, nikamwambia wa kumpiga yeye akiridhia. Akaridhia, ila kwanza akatafuta kofia yake.

Hapo hakuna ubishi. Namba ya f ni upana wa mdomo wa lenzi, ikiwa ndogo mdomo ni mpana: f/2.8 inapitisha mwanga takriban mara tano ya f/6.3, na Tamron ikivutwa hadi 300mm haifunguki zaidi ya f/6.3. Picha niliyoipata kwa ISO 2,500 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na lenzi kubwa, Tamron iliidai ISO 12,800 ili spidi ya shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kujifunga, ibaki ileile. G inafika f/5.6, tofauti ndogo mno na Tamron, mimi sikuiona. G ina kitulizi cha mtikisiko ndani yake, Tamron haina. Lakini kitulizi kinatuliza mkono wangu, hakimtulizi mchuuzi anayerusha changu ndani ya tenga. Huyo dawa yake ni spidi ya shata peke yake.

Kwa mwanga, basi, ile nzito ilishinda. Kwa watu ilishindwa. Kila niliyemwelekezea, hata aliyekwisha kuniruhusu, alijikausha kama yuko mbele ya ukuta mweupe wa picha ya pasipoti. Nilipobadilisha nikashika Tamron, mnada ukarudi kuwa mnada, na wale vijana wa ndoo wakaendelea kutaniana.

Saa 2 asubuhi

Chai, chapati na maharage ya nazi, Darajani, haraka haraka. Gari likafika na familia kutoka Nairobi, baba, mama na mabinti wawili. Baba ana kamera ya Sony a6400 shingoni, na hatujafika hata nje ya mji akaanza: "Sasa dada, na mimi ninunue gani?"

Saa 4, Jambiani

Siku za bamvua maji ya pwani hii hukupwa sana mida hiyo ya asubuhi, na ndipo wanawake wa mwani wanapokuwa kazini. Ratiba ya leo niliipanga kwa maji, si kwa saa ya mgeni.

Kabla ya picha, kuna jambo la kwetu ambalo wanaoandika kuhusu lenzi huko ughaibuni hawalisemi vya kutosha. Gari lina kiyoyozi. Ukishuka na lenzi baridi ukaitoa mkobani papo hapo, kioo kinatoka jasho, na ukifuta linarudi. Nami huuacha mkoba umefungwa mpaka vyombo vipate joto la nje, hapo wageni wakiwa wanapiga za simu. Unyevu huohuo ukizoea kuingia ndani unazaa kuvu, nyuzinyuzi nyeupe kati ya vioo, na kuzitoa ni gharama. Nyumbani lenzi zangu zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko mkali pamoja na vipakiti vile vya kunyonya unyevu. Kabati la nguo kwa mji wa pwani ni shamba la kuvu.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianzia Paje na hapa Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake tangu hapo ni wanawake. Nilitembea hadi kwenye vigingi, nikasalimia, nikaeleza kazi yangu. Mmoja akacheka: "Shoga, picha utapiga, lakini kwanza shika kamba hii." Nikashika kamba. Lenzi ya 300mm ingeniruhusu kuwapiga kutoka chini ya minazi bila wao kujua, na wapo wanaofanya hivyo. Mimi naona picha zao zote zinafanana, migongo iliyoinama tu, hakuna uso hata mmoja.

Tena kutoka minazini isingetoka safi. Jua likishapanda, hewa juu ya mchanga inachemka na kucheza, na 300mm inaukuza mchezo huo pamoja na kila kitu. Hakuna bei ya lenzi inayoutibu. Dawa ni kusogea.

Niliposogea ndipo G ikajitetea. Inashika fokasi hadi sentimita 90 hata ikiwa imevutwa yote, kwa hiyo nilipata vidole, kamba na shina la mwani limejaa fremu nzima. Tamron kwa 300mm inataka mita moja na nusu, na nililazimika kurudi nyuma majini. Hilo niliuma meno kulikubali, kwa sababu moyo ulikwishaanza kuegemea kule kwenye gramu 545. Upepo nao ulikuwa unabeba chumvi. Zote tatu zimezibwa dhidi ya vumbi na matone, lakini kubadilisha lenzi ufukweni sikujaribu. Nilibadilisha ndani ya gari, milango imefungwa.

Saa 8 mchana, Jozani

Tulirudi kwa njia ileile tukasimama Jozani, msitu uliotangazwa Hifadhi ya Taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Baba wa Nairobi alikuwa ameshajiandaa kwa kima walio juu kabisa ya miti. Kima punju hawajui habari hiyo. Asili yao ni kisiwa hiki, watu wamewazoea, na walikuwa wanakula majani matawi ya chini kabisa, mkia umening'inia karibu na bega la kiongozi wa msitu. Kiongozi kila mara anawarudisha wageni nyuma ili wasisogee mno. Hapo 300mm ilinipa jicho na pua. Nilikuwa narudi 70mm muda wote, na hata 70 ilikuwa ndefu: mama na mwanawe hawakuenea mpaka nilipofunga 35mm yangu ndogo.

Kwa hiyo nikamjibu baba swali lake, tukiwa tumesimama kwenye njia ya ubao wa mikoko. Kamera yake haina kitulizi ndani ya mwili, na yangu, A7 III, inacho. Tamron niliyoishika mimi, kwake ingetikisika mikono mitupu. Kwa mwili wa sensa ndogo kama wake (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ningechukua 70-350mm G ya Sony: gramu 625, kitulizi kimo, na kwa sababu ya sensa hiyo inaona kama 105 hadi 525mm. "Halafu weka mfukoni kitu kipana," nikamwambia, "maana hawa wanyama hawatakusubiri urudi nyuma." Mkewe akadakia kwamba mfukoni hamna nafasi, mmejaa korosho za watoto.

Saa 11 jioni, Forodhani

Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, jioni yamejaa hadi karibu na ukuta, na vijana walikuwa wanaruka baharini mmoja baada ya mwingine, jua likiwa nyuma yao. Hii ndiyo picha ambayo kila mgeni anaitaka. Shata sekunde 1/1000, mwanga upo wa kutosha, mruko mmoja haufiki sekunde mbili. Hapa f/6.3 haikunikosesha kitu, maana kijana aliyegeuka kivuli cheusi mbele ya jua hahitaji mdomo mpana. Lenzi zote zilimshika angani. Tofauti ilikuwa kwenye mkono wangu: ile nzito baada ya miruko michache ilikuwa inateremka yenyewe, na kijana anaruka wakati nimeishusha. Na ngalawa iliyopita mbali nyuma yao, 200mm iliiacha ndogo, 300 ikaileta ikakaa juu ya kichwa cha mrukaji.

Mabinti wawili wakaniomba washike kamera. Niliwapa yenye Tamron.

Saa 3 usiku

Nimekula urojo nikiwa nahamisha picha. Ile nzito itabaki kwa harusi na kumbi za giza, huko hakuna wa kuishinda. Kati ya hizo mbili, G ni bora kwa vitu vya karibu na kwa mwenye kamera isiyo na kitulizi. Mimi kitulizi ninacho, na gramu 309 kati yao ni tofauti ya kutoka na lenzi au kuiacha nyumbani. Nachukua Tamron.

Nilipokutana na mwenye mali nikazima taa ya sebule, nikapitisha mwanga wa tochi ya simu nyuma ya kioo nikitafuta zile nyuzinyuzi. Safi. Nikazungusha pete ya kuvutia kuisikiliza kama ina mchanga, nikaangalia ule mpira mwembamba kwenye kiungio kama haujakatika. Tukaelewana nusu leo, nusu nikilipwa harusi ya wiki ijayo. Akakubali, ila akasema mfuniko wa mbele atabaki nao, wa G umempotea. Nikamwonyesha namba: Tamron ni milimita 67, G ni 72. Akajaribu hata hivyo, ukamwangukia miguuni, akauacha mezani kwetu.