Saa 8 na dakika 24

Daftari langu la kwanza la vipimo lina jalada la bluu lililofifia, na ukurasa wa pili una vipimo vya mama yangu. Mwaka 2006: kifua 44, kiuno 38, nyonga 46, urefu kutoka begani 54. Nilimshonea gauni la kitenge la kuvaa siku ya kipaimara cha mdogo wangu. Mwezi wa 6 mwaka huu nilimpima tena, nyumbani kwake Ilula, nimesimama nyuma yake na futi kamba mkononi. Kifua 37. Kiuno 34. Nyonga 39. Urefu 51. Urefu niliurudia mara mbili nikidhani kamba imejikunja. Haikuwa imejikunja.

Mimi nina miaka 49. Ni fundi cherehani hapa Iringa mjini, na tangu mwaka jana siwezi tena kutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Binti ninayemfundisha kazi ndiye hunitungia. Hunirudishia sindano kimya kimya bila kusema neno, na adabu yake hiyo ndiyo hunikumbusha kila siku kwamba nimeshakuwa mtu wa makamo.

Usiku ule baada ya kumpima mama sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, jinsi mwenye shamba anavyotoka alfajiri kuajiri watu, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa saa hizo, maana ndizo zetu: siku inaanza jua likichomoza, na saa kumi na moja watu wanaosha majembe. Zaburi ya 90 inatupa miaka 70, na tukiwa na nguvu 80. Nikaitandaza ile 70 kwenye saa 12 za mchana. Miaka yangu 49 ikaangukia saa 8 na dakika 24. Jua bado kali, lakini kivuli kimeshahamia upande wa pili wa nyumba. Mama ana miaka 78. Kwa hesabu hiyo jua lake lilishatua, anaishi kwa ile nyongeza ya wenye nguvu.

Wale wa saa kumi na moja walisimama mchana kutwa kwa sababu hakuna mtu aliyewaajiri. Mimi nimekuwa kazini tangu asubuhi. Kilichoniumiza usiku ule ni kujiuliza nimekuwa nikilima shamba la nani.

Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya Waefeso 5:16, "mkiukomboa wakati", huishia kwenye kuamka mapema na kuacha uvivu. Kwangu uvivu haujawahi kuwa shida. Taa ya duka langu ndiyo huzimwa ya mwisho kwenye mtaa wetu. Nikitoka hapo kuna kikao cha harusi, kuna kikoba, kuna mazoezi ya kwaya. Mwaka jana nilikuwa kwenye kamati 6 za harusi, 4 kati ya hizo nikiwa mweka hazina, maana watu wananiamini na fedha, na mimi nilipenda kuaminiwa. Jumapili baada ya jumapili nilikaa kwenye viti vya plastiki mpaka saa nne usiku tukijadili rangi ya sare na nani hajamalizia mchango wake. Mwaka huohuo nilikwenda Ilula mara 5. Ni mwendo wa saa moja kwa Hiace.

Neno kukomboa nalijua kwa njia ya kazi. Mwaka 2017 niliweka rehani mashine yangu ya ovaloki kwa mkopeshaji mmoja ili nilipe ada ya shule. Kila wiki nilipita mbele ya mlango wake nikaiona mashine yangu imewekwa pale ndani, imefunikwa gunia. Kuitamani hakukunisaidia, wala kumweleza jinsi ninavyoihitaji. Niliipata siku nilipoweka fedha mezani, zote, na riba yake, ndipo tukaibeba mimi na kijana wa mkokoteni. Kwa hiyo ninaposoma kwamba wakati unakombolewa, najua kuna bei, na najua mwenye kulipa ni mimi.

Basi nikalipa. Tangu mwezi wa 7 duka langu halifunguliwi jumatano. Jumatano moja kwangu ni kama shilingi 35,000, ukitoa umeme, na hapo sijahesabu nauli. Wateja wawili wamehama, mmoja kwa maneno makali. Kamati za harusi nilizokuwa nimeshaahidi nimezimaliza, mpya nimezikataa, na kusema "hapana" mbele ya mama mchungaji kulinitoa jasho kuliko nilivyotarajia. Alininyamazia kidogo, kisha akasema niende nimsalimie mama.

Si kila wiki nimeweza. Mwezi wa 9 kulikuwa na sare 22 za kwaya, nikajiambia jumatano moja tu. Nilipompigia simu kumwambia, alisema, "Haya mwanangu, kazi ni kazi." Baadaye jirani yake akaniambia kwamba asubuhi ile mama alikuwa ameshatoa kiti changu nje. Nimeomba msamaha kwa Mungu kwa sababu ya kiti kile.

Tunafanya nini jumatano? Mambo madogo. Nafika, ananisalimu kwa Kihehe, "kamwene", naweka begi chini. Tunachambua mboga au tunamenya maharage mabichi. Barabarani malori yanapita, matenga ya nyanya yamepangwa yakisubiri wanunuzi. Macho yake yana ukungu, hasomi tena, kwa hiyo namsomea Biblia yake mwenyewe, ile ambayo kurasa za Zaburi zimelegea zikashikwa na gundi. Wiki iliyopita nilimsomea ya 90. Nilipofika "Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu", akaniinulia mkono nisimame.

"Hiyo ni sala ya nani?"

"Ya Musa, mama."

Akakaa kimya akiendelea kumenya. Mama aliishia darasa la nne. Kisha akasema, "Musa mzima, na hata kuhesabu anaomba afundishwe."

Nilijiona nimeshikwa. Nilikuwa na hesabu yangu ya saa 8 na dakika 24 kichwani, imekamilika, na nilikuwa nimeshaanza kuitegemea, kana kwamba nimeahidiwa hizo saa 3 na dakika 36 zilizobaki. Sijaahidiwa. Nimepewa jumatano ile, na nilikuwa nimeipokea.

Gauni lake nimelikata jana, kitenge cha rangi ya udongo alichokichagua kwa kukipapasa. Kabla sijaondoka wiki ile aliniita nikiwa nimeshafika mlangoni.

"Usibane sana pembeni. Acha akiba, huenda nikanenepa."

Hiyo ndiyo akiba tunayowaachia watoto wanaokua. Nimeacha inchi mbili kila upande.