Pilau ya Maswali 75

Kompyuta ilizima nikiwa kwenye swali la 75, nami nikatoka mle ndani nikichekelea peke yangu kama mtu aliyeokota pochi.

Ilikuwa Jumanne, Machi 13, 2018, Houston, Texas. Mtihani wenyewe ni NCLEX, ule ambao kila anayetaka leseni ya uuguzi Marekani lazima aupite, awe amesomea Boston au Bugando kule Mwanza. Siku hizo ulikuwa na maswali yasiyopungua 75 na yasiyozidi 265, muda saa sita. Hakuna wawili wanaopata maswali yaleyale. Ukijibu vizuri kompyuta inakuletea gumu zaidi, ukikosea inakushushia jepesi, na ikishajiridhisha kwa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari wa kufaulu, au chini yake, inakata hapohapo. Haikuambii ni juu au ni chini. Unasindikizwa mlangoni, unarudishiwa simu yako kutoka kabatini, unakwenda zako.

Sasa sisi wageni tuliokuwa tunauhangaikia tulikuwa na imani yetu: ikikata kwenye 75, umepita. Kila mtu alikuwa na binamu au jirani ambaye ilimkatia 75 na akapita. Hakuna aliyekuwa na muda wa kufikiri kwamba 75 ndiyo pia mahali pa mapema kabisa ambapo mashine inaweza kuwa na uhakika kwamba hujui kitu.

Nikiwa bado kwenye maegesho nikampigia rafiki yangu, dada mmoja Mkisii tuliyekuwa tunafanya naye kazi.

"Imekata wapi?"

"75."

"Wee! Hiyo umepita. Alhamisi kuja kwangu, napika pilau."

Alhamisi kwa sababu matokeo ya haraka yalitoka baada ya siku mbili za kazi, na kuyaona ulilipia dola 7 na senti 95. Leo leseni ninayo, nasema mapema msije mkakaa roho juu. Ninachotaka kusimulia ni ile pilau na siku zilizofuata.

Mimi sikuwa mgeni wa kazi. Nilifanya miaka kumi na moja wodi ya wazazi katika hospitali moja ya wilaya kusini mwa Tanzania, na stashahada yangu ya uuguzi na ukunga. Usiku tulikuwa wawili, akina mama thelathini, na daktari tunayempata kwa simu. Nimeshika vifafa vya mimba, nimeingiza mkono kutoa kondo lililogoma, nimempulizia mtoto wa bluu mpaka akalia. Kisha baba watoto akaokota ile bahati nasibu ya greencard, tukahama mwaka 2015. Vyeti vyangu vikapelekwa CGFNS, shirika la Marekani linalokagua vyeti vya wauguzi waliosomea nje, Baraza la Uuguzi na Ukunga kule nyumbani likathibitisha kwamba kweli nina leseni, nikafanya mtihani wa Kiingereza. Karatasi zilipokuwa zikizunguka, nilifanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwageuza kila baada ya saa mbili, kubadilisha pampasi, kuwalisha. Muuguzi wa zamu yangu alikuwa binti niliyemzidi miaka kumi na tano. Alikuwa ananiita "mama", kwa Kiswahili kabisa, kwa sababu niliwahi kumfundisha.

Nilisoma miezi mitano, usiku nikitoka zamu. Dawa ndizo zilizonichosha kwanza. Salbutamol niliyoishi nayo miaka yote, kule inaitwa albuterol. Paracetamol ni acetaminophen. Pethidine ni meperidine, adrenaline ni epinephrine. Homa wanaipima kwa Fahrenheit, mtoto anapimwa kwa pauni kisha wewe ugawe kwa 2.2 upate kilo. Nilikuwa nimebandika vikaratasi jikoni, bafuni, hadi kwenye usukani wa gari. Binti yangu wa darasa la pili alizijua dawa za moyo kuliko majina ya binamu zake.

Alhamisi nikaenda kwa dada Mkisii. Kufika mlangoni tu, harufu ya bizari na mdalasini. Alikuwa amevaa dera nililompa mimi mwenyewe, na mezani pameshakaa kachumbari na soda za chupa alizozitafuta duka la Wameksiko. Akasema, "Fungua hapa hapa, nikuone." Nikatoa kadi ya benki, nikaingiza namba, nikalipa. Kile kimshale cha kusubiri kikazunguka na kuzunguka. Nyuma yangu sufuria ilikuwa na mkaa mfunikoni. Ndiyo, mkaa, Houston. Alikuwa akiupalia nje kwenye jiko la kuchomea nyama, kisha anaupanga juu ya sinia la bati. Alisema pilau ya oveni ni ya wagonjwa.

Ikatokea neno moja. Fail.

Sikulia. Nilichofanya ni kusoma jina langu pale juu, herufi kwa herufi, maana cheti changu na pasipoti vilishawahi kutofautiana herufi moja. Halikuwa na kosa.

Yeye alisoma uso wangu kabla ya simu. Akanyamaza, akaenda akaondoa makaa mfunikoni kwa koleo, moja moja, akayatupa nje. Aliporudi akasema, "Kula kwanza."

"Sina hamu."

"Sijakuuliza hamu. Mimi nilianguka mara mbili, na siku zote mbili nililala njaa. Ilisaidia nini?"

Miaka miwili tunajuana, hakuwahi kuniambia. Mtu mwenye leseni, anayetembea na stetoskopu shingoni kama mkufu wa dhahabu, kumbe mara mbili. Wakenya husema kuanguka mtihani, sisi tunasema kufeli. Siku ile niliona wao ndio waliopatia, maana nilijisikia nimeshuka mahali kwa kishindo na magoti yananiuma. Tukala. Ilikuwa pilau nzuri, nikarudia sahani, na hilo nalo likanitia aibu.

Kesho yake niliingia zamu ya saa tisa alasiri kama kawaida. Hapo ndipo palipouma kuliko popote. Nilikuwa nimemwambia binti yule muuguzi, na msimamizi, na mpishi, na mzee mmoja wa chumba cha mwisho aliyekuwa fundi wa visima vya mafuta na anayesahau kila kitu isipokuwa mtihani wangu. "Vipi?" akauliza. Nikamwambia bado. Baada ya nusu saa akauliza tena. Zamu nzima nilimjibu labda mara nane, na mara ya nane nikamwambia nimefeli. Akanipa pole ya dhati, akanishika mkono. Baada ya chakula cha usiku akauliza tena.

Wiki chache baadaye ikaja barua yenye ripoti. Ukipita hupewi ripoti ya namna hiyo, ni ya walioanguka tu. Ina maeneo manane, na kila moja limeandikwa uko juu ya kiwango, karibu nacho, au chini yake. Niliisoma nikiwa nimekaa kitako sakafuni bafuni, mahali pekee ambapo watoto hawanifuati. Mambo ya mgonjwa kuzidiwa ghafla: juu. Dawa: karibu. Uzazi na makuzi umo ndani ya eneo la afya na kinga, nako nilikuwa juu. Usimamizi wa huduma: chini. Na eneo hilo peke yake wakati ule lilikuwa asilimia 17 hadi 23 ya mtihani, kubwa kuliko yote.

Maswali ya kweli niliahidi kwa saini kutoyasimulia, kwa hiyo chukueni mfano wa vitabu vya mazoezi. Muuguzi ana msaidizi asiye na leseni. Amkabidhi kazi gani: kumlisha mgonjwa aliyepata kiharusi jana, kumpima presha mgonjwa ambaye hali yake imetulia, kumwelekeza mama kujichoma insulini, au kumkagua mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji sasa hivi? Mimi mbio mbio nilichagua kumlisha. Kulisha si kazi ya muuguzi! Kwetu mgonjwa analishwa na dada yake, na uji dada yake ameubeba kwenye chupa ya chai toka nyumbani. Jibu ni presha. Mwenye kiharusi cha jana hujui bado kama anameza sawasawa, chakula kinaweza kuingia njia ya hewa, na kulijua hilo ndiyo kazi ya mwenye leseni.

Mfano mwingine. Daktari ameandika dozi inayoonekana kubwa mno. Ufanye nini? Miaka kumi na moja nilikuwa nampa mgonjwa dozi sahihi, asubuhi namwambia daktari, "Dokta, jana ulisinzia," tunacheka, anasaini. Kwenye mtihani ule hilo ni kosa la kukunyang'anya leseni. Unasimamisha dawa, unampigia aliyeandika, unangoja. Nilipokuwa nafanyia kazi, kumpigia daktari usiku kulikuwa hatua ya nne au ya tano, kama vocha ipo na mtandao upo.

Nilikasirika sana, nakiri. Nilimwambia mume wangu kwamba huu mtihani unapima hospitali ambayo haipo duniani: kila mgonjwa ana muuguzi, kila kitanda kina oksijeni, daktari anapokea simu mlio wa kwanza. Mume wangu ni dereva wa lori, si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Kwani wewe unaomba kazi ipi, hiyo au ile ya kule?" Sikumsemesha siku mbili.

Bado sikubali kwamba uzoefu wangu ulikuwa mzigo, kama mwalimu mmoja wa mazoezi alivyopenda kutuambia, "sahauni mlikotoka." Yale maeneo niliyokuwa juu ya kiwango niliyapata wapi? Ila nilianza kitu kimoja kazini. Kila kazi niliyokabidhiwa na yule binti, nilijiuliza kwa nini amenipa mimi, na kwa nini ile nyingine amekwenda kuifanya mwenyewe. Siku tatu tu nikaona kwamba bibi wa chumba namba tisa, aliyekuwa ametoka hospitali kwa kiharusi, binti alikuwa anamlisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akimwangalia koo. Nilikuwa nimepita mlango ule kila jioni nikidhani msichana anapenda kukaa tu.

Kurudia lazima zipite siku 45, na dola 200 nyingine. Hizo siku 45 ndizo nilizomdanganya mama.

Mama yuko Masasi. Alikuwa ameshatangaza kanisani, na kwa sababu Masasi hakuna jambo dogo, lilishafika kwamba mimi ni daktari. Kila Jumapili nikipiga anauliza matokeo, namwambia bado, mama, Wazungu wana taratibu zao. Jumapili ya nne, au ya tano, akasema:

"Hata ya darasa la saba hutoka haraka kuliko hayo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Umefeli, siyo?"

Nilikuwa nimeegesha gari nje ya kazini, pembeni ya barabara yenye yale maua ya bluu ambayo Texas huyaacha yaote majira hayo. Nikamwambia ndiyo, mama. Nikangoja lolote, pole, au maombi, au habari ya watoto wa fulani waliopita. Nikasikia kuku wake tu, na mtu anamwaga maji.

"Kurudia ni bei gani?"

"Dola mia mbili."

"Niambie hela ya watu."

"Kama laki nne na nusu."

Akanyamaza tena, nikajua anahesabu. Msimu ule korosho zilikuwa na bei, na alikuwa ameshaniambia amenunua mbao za jiko jipya, bado bati.

"Hilo ni kama gunia moja na nusu," akasema. "Bati zitasubiri. Hivi huyu wakala wa hapa sokoni, anaweza kutuma mpaka huko?"