Nguvu 18/50

Kundi lile lilicheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa simulizi na dadu, uitwao Dungeons & Dragons kwa vitabu vya zamani, vya mwaka 1978 na 1979, ingawa matoleo mapya yalikuwepo. Walivipenda kwa ukali wake: mhusika hufa kirahisi, na akifa amekufa. Mimi nilikuwa mgeni mezani, na mwanamke peke yangu. Nilikuja nikiwa nimeshaamua nitakuwa nani: mpiganaji wa kike, mrefu, asiye na maneno mengi.

Kutengeneza mhusika unarusha dadu nne za pande sita, unaondoa iliyo ndogo kabisa, unajumlisha zilizobaki. Kwenye nguvu nikapata sita tatu. Meza ikapiga kelele, maana 18 haiji ovyo, na mpiganaji akiipata anaruhusiwa kurusha dadu za asilimia, zinazotoa namba kati ya 1 na 100, ili ijulikane 18 yake ina uzito gani. Nikarusha. 91. Yaani 18/91. Kuna aliyenipigia makofi.

Msimulizi, yaani yule anayeendesha mchezo, hakupiga. Alifungua kitabu, akateremsha kidole kwenye jedwali, akaniambia kwa upole kabisa: "Mhusika wako ni mwanamke, dada. Mwanamke wa kibinadamu anaishia 18/50."

Nikaomba nisome mwenyewe. Kweli ilikuwa imeandikwa. Kila jamii ya wahusika ilikuwa na kikomo cha wanaume na cha wanawake, na cha wanawake kilikuwa chini kila mahali. Mwanamume wa kibinadamu alifika 18/00, ambayo ndiyo mia. Hata wale watu wafupi wanaomfika binadamu kiunoni, wanaume wao waliishia 17 na wanawake 14.

"Si uhalisia tu huo?" alisema jamaa aliyekuwa akicheza mwizi. Mwizi wake mwenyewe alikuwa na masikio yaliyochongoka, umri wa zaidi ya miaka mia, na sura ya kijana. Akanishauri niandike kwamba mpiganaji wangu ni mwanamume, yaishe.

Mwingine, msomaji wa magazeti ya zamani ya mchezo huo, akaingilia. Alisema nishukuru, kwani mwaka 1976 jarida la The Dragon liliwahi kuchapisha pendekezo kwamba wahusika wa kike wapimwe uzuri badala ya mvuto wa kushawishi na kuongoza watu. Nadhani alikuwa ananifariji.

"Sheria ni msumeno," alisema msimulizi.

Nikafuta 91, nikaandika 50. Mhusika nikamwacha abaki mwanamke.

Kisha likaja suala la kinyago. Walikuwa na boksi la vinyago vidogo vya madini ya risasi vya kuweka mezani kuonyesha nani amesimama wapi. Wanaume walikuwa wa kila namna: wazee, vijana, vitambi, wenye mashoka, wenye vitabu. Wanawake niliowakuta humo, mmoja alikuwa amefungwa minyororo na mwingine amevaa vazi la vita lililokinga matiti na nyonga, tumbo lote wazi, mahali hasa ambapo mkuki ungependa kuingia. Nikachagua kinyago chenye kofia ya chuma iliyofunika uso mzima. Humo ndani angeweza kuwa mtu yeyote.

Tulianzia mjini, usiku. Msimulizi alirusha dadu kujua tutakutana na nani, na hapo ndipo nilipojua kwamba kitabu chake cha 1979 kina jedwali zima la kuamua ni kahaba wa aina gani aliyetokea njiani: mchafu, jeuri, wa bei rahisi, wa bei ghali, na kuendelea. Wenzangu walicheka kwa mazoea. Mimi nilikuwa nahesabu wanawake waliokwisha kutajwa katika simulizi tangu tuanze. Mhudumu wa baa, mchawi anayelaaniwa na kijiji, huyu wa barabarani, na binti mfalme tuliyetumwa kumwokoa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akienda mahali kwa shughuli zake.

Binti mfalme tulimkuta chini ya ngome, katika chumba cha mawe. Mwizi akatangulia kuingia, akakanyaga alipokanyaga, na nondo nene za chuma zikashuka nyuma yake kwa kishindo. Maji yakaanza kupanda. Mle ndani kulikuwa na mwizi, panya, upanga uliotundikwa ukutani, na binti mwenyewe katika gauni jepesi. Msimulizi alitusimulia upanga ule kwa kirefu: jina lake, mhunzi wake, wafalme waliokufa nao.

Nikasema mpiganaji wangu anamuuliza binti jina lake, na kama anaweza kuvuta nondo kutoka upande wake.

Msimulizi akapekua karatasi. Akapekua tena. Panya walikuwa na hesabu ya uhai wao, kila mmoja wake. Upanga ulikuwa na ukoo. Binti hakuwa na jina, hakuwa na nguvu, hakuwa na hata namba moja. "Analia," akasema mwishowe.

Basi ikabaki kazi yangu. Kupinda nondo ni kurusha dadu za asilimia, na unaruhusiwa jaribio moja tu. Ukishindwa, nondo hizo hutaziweza kamwe. Kwa 18/50 nilihitaji 20 au chini. Kwa 18/91 ningehitaji 35 au chini. Kila mtu pale mezani aliijua hesabu hiyo, na aliijua zaidi mwenye mwizi.

Nikapata 27.

Wa kwanza kusema alikuwa yeye. "Lakini huyu alirusha 91! Sote tuliona. Nondo zimepinda!"

"Uhalisia," nilimkumbusha.

"Uhalisia gani na mtu anazama?"

Akamgeukia msimulizi, akamweleza kwa hoja nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo mimi: kwamba katika ulimwengu wenye majoka na mipira ya moto kutoka mikononi, haieleweki kwa nini kitu pekee kinachopimwa kwa mizani ya kweli ni mikono ya mwanamke. Msimulizi alimsikiliza hadi mwisho.

"Sheria ni msumeno," nikasema mimi, na watu wawili wakamalizia kwa pamoja, "hukata mbele na nyuma."

Mwizi akazama. Binti mfalme naye akazama, bado hana jina.

Baada ya hapo tulipiga kura. Toleo la 1989 lilikuwa limeshafuta vikomo hivyo kitambo, kwa hiyo sisi hatukuwa tukivumbua kitu. Msimulizi alichukua penseli, akapiga mstari juu ya vikomo vyote vya wanawake, na mimi nikarudisha 91 yangu. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa mwenye mwizi. Aliomba uamuzi uhesabiwe kuanzia kabla ya zile nondo. Msimulizi alikataa, akamsogezea karatasi tupu na dadu nne.