Vidole havijasahau

Leo baada ya swala ya alasiri nimekutana na mwenzangu wa kozi pale Mama Ngina, Mombasa, chini ya mibuyu. Miaka arobaini na ushei hatujaonana!

Tulikuwa wanagenzi wa ufundi, Jeshi la Anga, Eastleigh, miaka ya 70. Ndege ya Caribou ndiyo iliyotufunza kazi: injini mbili, kila moja silinda 14, plagi 28. Na spana zote zihesabiwe kabla ndege haijaondoka. Ikikosekana moja, hakuna kula, mnatafuta.

Tukanywa kahawa tungu, tukatajana majina. Fulani yuko Kisumu. Fulani ametutoka.

Tukanyamaza.

Kisha akaokota kipande cha waya, akakipinda katikati, akaanza kukisokota taratibu, vile tulivyofundishwa kufunga boliti isilegee. Mikono inamtetemeka siku hizi, hata kikombe nilimshikia. Lakini ule waya! Misokoto imelingana yote, ncha kaikunja ndani isimkate mtu.

Ninao hapa mfukoni.

Wenzangu mlioko Changamwe, Likoni, Kisauni, nani yupo? Andikeni hapa chini jamani, nawatafuta.